Wakitaka Kukutoza Kuingia Kisiwani: Namna ya Kupinga Mpaka Usikike

Mambo haya huanza hivi. Uko zako barazani na kahawa tungu yako, mtu anakurushia voisi noti, ati kuanzia mwezi ujao tuktuk haziingii tena Digo Road, ama gari ndogo zitalipia kuingia kisiwa cha Mombasa asubuhi, ama mtaa wenu unafungwa uwe wa kutembea kwa miguu tu. Ikifika magharibi magrupu yote yamewaka, kila mtu mwanasheria. Wiki mbili baadaye moto umezima, halafu siku yenyewe ikifika kanjo, askari wa kaunti, wamesimama kwenye kona na minyororo ya magurudumu, na nyie mwaulizana kwani hii ilipitishwa lini.

Mimi nina duka mjini na haya yamenikuta. Mtaa wetu uliwahi kufungiwa magari, tukapiga kelele miezi mitatu, tukaenda redioni, tukagombana mpaka na watu wa upande wetu wenyewe, na siku tulipopata kukaa na wakubwa swali la kwanza tuliloulizwa ni moja tu, mliandika lini? Tulikuwa tumeandika barua moja, tukampa askari wa getini ampelekee bosi. Hatukuwa na kopi. Hatukuwa na muhuri. Mpaka leo sijui ile barua iliishia kufungia viazi karai au vipi. Kwa hiyo haya nayoandika hapa ni yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia kabla. Sio wakili mimi, kwa hiyo mambo yakifika kortini tafuta wakili.

Tena nisikudanganye, jam ipo. Kisiwa chenyewe ukikitazama milango yake yahesabika, Makupa, Nyali Bridge, na feri ya Likoni, na humo ndani ndiko kuliko Coast General, korti, Huduma, Marikiti na ofisi zote. Kila mtu anaingia asubuhi na kila mtu anatoka jioni. Mimi mwenyewe sitaki lori Ndia Kuu, vile vichochoro vilijengwa kwa watu na punda. Kwa hiyo kama kinachokuudhi ni kwamba umezoea kuegesha bure mbele ya duka, sema hivyo moyoni mwako na uache watu wengine wapambane na yao. Ukija mbele ya kamati ya bunge la kaunti na "hatutaki mabadiliko yoyote" watakusikiliza dakika mbili kisha watakula mahamri yao. Unapinga kitu maalumu, namna kilivyopangwa, bei yake, nani anaumia, njia iliyotumika kukipitisha. Yaandike hayo kwa sentensi tatu kabla hujafanya lolote lingine.

1. Itafute karatasi yenyewe

Voisi noti si sheria. Wala hotuba ya jukwaani si sheria. Kazi ya kwanza ni kujua kilichoko mezani ni kitu gani hasa, manake kila kitu kina mlango wake. Inaweza kuwa ni maneno tu ya afisa mbele ya kamera, hapo unaandika barua ya kuuliza na mara nyingi yanafia hapohapo. Inaweza kuwa notisi iliyobandikwa au kutoka gazetini, hiyo tayari ni uamuzi wa kiutawala na una haki ya kupewa sababu zake kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba. Na inaweza kuwa ni ada, na hapa ndipo watu wengi hulala.

Ada haiwezi kuzaliwa kwa mdomo. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni ila kwa sheria, na mahali ambapo kaunti hupitishia ada zake nyingi, kuanzia parking mpaka cess (ushuru) ya mchanga, ni Finance Bill, mswada wa fedha, ya kila mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha Appropriation Bill (mswada wa matumizi) kumaliza hiyo Finance Bill, kwa hiyo kuanzia msimu wa bajeti mpaka mwisho wa Septemba uwe na macho. Tangazo la vikao vya maoni hutoka gazetini siku moja, kwa maandishi madogo, na kama hamna mtu wa kuangalia basi mmepitwa. Chagueni mtu mmoja mwenye subira, awe kazi yake ni hiyo. Aangalie magazeti, tovuti ya kaunti na ya bunge, na ajuane na mtu katika ofisi ya MCA, mwakilishi wa wadi. Sisi siku hizi ni mama mmoja wa duka la stationery, haachi kitu kipite.

Ukishaipata, soma jedwali lililo nyuma. Maneno matamu yote ya mazingira na usafi yako mbele, pesa zako ziko nyuma kwenye jedwali.

2. Barabara ni ya nani?

Hii fupi lakini usiiruke. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kaunti inashika barabara za kaunti, trafiki na parking, na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu za kitaifa na sheria za trafiki kwa jumla ni za serikali ya taifa, na tangu Kenya Roads Act ya 2007 barabara zimegawanywa kwa KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za mashambani). Sasa mtu akitaka kuweka kizuizi cha kutoza pesa kwenye barabara ambayo si yake, hiyo ni hoja nzito kuliko machozi yako yote. Usibahatishe lakini, wala usimsikilize dereva anayejua kila kitu. Andika barua uulize: sehemu hii, kuanzia hapa mpaka hapa, iko chini ya nani, na kama mwenyewe amekubali. Jibu lolote utakalopata litakufaa.

3. Hesabu, hesabu, hesabu

Hapa ndipo nataka ukae sana. Upande wa pili watakuja na konsalitanti na slaidi za rangi. Nyie mtakuja na "biashara imekufa". Imekufa vipi? Ilikuwa hai kiasi gani?

Chukua daftari ya skweaa na vijana wanne wanaoaminika. Chagueni sehemu moja au mbili, tuseme karibu na Saba Saba na nyingine karibu na zile Pembe za Ndovu. Mnahesabu asubuhi saa moja mpaka saa tatu, na jioni saa kumi mpaka saa moja, kwa vipande vya dakika kumi na tano. Mistari mitano mitano kama ya kuhesabu madafu. Na msihesabu "magari" tu, tenganisheni: matatu, tuktuk, boda, gari ndogo, pikapu, lori, mkokoteni, na watu wa miguu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo siku za kawaida, Jumatatu na Ijumaa zina vituko vyao. Msihesabu Ramadhani, hapo mji wote unabadilisha saa zake, wala shule zikifungwa, manake mtakuja kuambiwa mmechagua wiki yenye kuwafaa, na itakuwa kweli.

Kisha pima muda. Mtu mmoja apande matatu Kongowea mpaka Posta, mwingine atoke Changamwe, mwingine avuke kutoka Likoni, simu mkononi na saa ikikimbia, mara tano kila mmoja kwa siku tofauti. Andika ulipanda saa ngapi ukashuka saa ngapi. Basi.

Kwa wenye maduka ushahidi bora mnao na hamuujui, ni stetimenti ya till ya Lipa na M-Pesa. Miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, na kama kizuizi hakijaanza basi chukua ya sasa uiweke. Kama hutaki watu wajue mauzo yako, na nani anataka, toa asilimia tu, "duka A limeshuka kwa kiasi hiki", na stetimenti yenyewe iwe tayari kwa wakili.

Halafu fanya hesabu ya mtu mmoja. Kamati husahau takwimu lakini haimsahau mtu. Mfano tu huu, tuseme ada ni mia mbili kwa siku. Dereva wa tuktuk anayefanya siku 26 kwa mwezi atalipa 5,200, kwa mwaka 62,400. Na hiyo tuktuk si yake, jioni anapeleka hesabu ya siku kwa mwenyewe, hesabu haishuki kwa sababu kaunti imeongeza ada. Sasa ataitoa wapi? Ataipandisha kwa abiria, na abiria wake ni mama anayepeleka mtoto kliniki. Andika hivyo, na muombe dereva mwenyewe aje aseme.

4. Kusanya watu, lakini angalia nani anashika kipaza sauti

Kosa letu lilikuwa tulikuwa wenye maduka peke yetu, wanaume, wa rika moja. Tulionekana kama kilabu. Unataka watu wa tuktuk na boda na sacco za matatu, sawa, lakini pia hamali wa mkokoteni, mama wa mboga anayetoka Kongowea alfajiri, mzazi mwenye mtoto wa madrasa, mtu anayetembea kwa wilchea, mgonjwa wa kliniki za kila wiki. Na watu wa ng'ambo ya mipaka. Mtwapa ni Kilifi na Ukunda ni Kwale lakini asubuhi wote wako kisiwani, na Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema kaunti isitumie nguvu zake za kutoza kwa namna itakayoumiza biashara zinazovuka mipaka ya kaunti au mwendo wa bidhaa, huduma na wafanyakazi nchini. Ile sentensi ni kama iliandikiwa Mombasa. Kisiwa, milango mitatu, kaunti mbili jirani zinaishi kwa kuingia humo.

Angalieni wanasiasa. Watakuja, tena mbio, na wengine watasaidia kweli. Lakini ukimpa mheshimiwa mmoja kipaza sauti, kesho wale wa upande mwingine wote wanakuwa maadui wako bila ya kusoma hata hoja yako. Sheria yetu siku hizi ni moja, mwanasiasa anakaa, anasikiliza, anapewa kopi. Mwenyekiti anasema.

Na msitegemee kura ya maoni ati kwa sababu mumesikia Edinburgh mwaka 2005 watu karibu robo tatu walikataa ada ya msongamano, au Manchester 2008 karibu asilimia 79 walisema hapana na mpango ukafa. Kwetu sheria ipo, County Governments Act ya 2012 kifungu cha 90, lakini kwa mipango ya namna hii inataka ombi lenye sahihi za robo ya wapiga kura wa eneo husika, na hata hapo kaunti "yaweza" kuitisha kura, hailazimishwi. Mombasa ilikuwa na wapiga kura zaidi ya laki sita 2022, piga robo yake uone. Labda kwa wadi moja, hapo sawa.

5. Barua ya kuomba taarifa

Silaha ya bei rahisi kuliko zote. Access to Information Act ya 2016 inakupa haki, ukiwa raia, kuomba karatasi zilizoko kwa ofisi ya umma, na ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Huhitaji kueleza wazitakia nini. Wana siku 21 kukujibu. Kuomba ni bure, waweza kutozwa gharama ya fotokopi tu.

Andika kavu, bila ya matusi, hivi:

"Mimi fulani, mkazi wa wadi fulani, naomba chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Access to Information Act 2016 nipewe kopi za haya: utafiti wa trafiki uliotumika kuamua mpango wa (taja), orodha ya mahudhurio na ripoti ya vikao vya maoni ya umma, pamoja na tarehe na mahali, makadirio ya pesa zitakazokusanywa na zitakakokwenda, mkataba wowote na kampuni itakayokusanya ada, na barua za makubaliano na wenye barabara. Naomba majibu katika muda uliowekwa na sheria."

Ile ya mkataba wa kampuni usiisahau. Mara nyingi utamu wote wa mpango uko hapo.

Peleka kopi mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaipiga muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Kama wanakataa kupiga muhuri, tuma kwa imeili pia papo hapo ukiwa umesimama hapo kaunta, upate saa na dakika. Siku 21 zikipita kimya, au ukijibiwa vibaya, unaenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, wale watu huita Ombudsman, uwaombe wapitie uamuzi, na una siku 30 za kufanya hivyo. Hata kimya chao kina thamani. Ukifika kwa kamati ukasema "tuliomba utafiti tarehe hii, huu hapa muhuri, mpaka leo hatujapewa", chumba kizima kinabadilika.

6. Kikao cha maoni

Vikao hivi mnavijua, hema, viti vya plastiki, soda, na watu waliobebwa na basi wasiojua wamekuja kwa nini. Nendeni hivyo hivyo. Orodha ya mahudhurio ni ushahidi, andikeni majina yenu vizuri, na kabla hamjatoka piga picha ya karatasi ya tangazo na ya ukumbi wenyewe, tuko wangapi, saa ngapi. Kama tangazo lilitoka jana kwa kikao cha leo, andika hilo.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Finance Act ya Kiambu ya 2013 katika kesi ya Robert Gakuru kwa sababu umma haukushirikishwa inavyopasa. Na 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco, ikasema ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza wajibu tu. Lakini korti hizohizo hazikubali mtu aseme hakushirikishwa wakati aliitwa akakaa nyumbani. Kwa hiyo ukisusia, umewapa ushindi.

Maneno ya mdomo hupotea. Peleka maoni ya maandishi, kurasa mbili tatu, na usiyaandike kama hotuba. Chukua kifungu kimoja kimoja cha mswada: namba yake, kina shida gani, ushahidi wako ni huu (ile daftari), na unataka kiandikwe vipi badala yake. Yaani uandike wewe maneno ya kuwekwa. Mfano, "kipengele cha tuktuk kwenye jedwali kifutwe, au kisomeke: tuktuk inayobeba mgonjwa au mtu mwenye ulemavu haitozwi". Karani wa bunge mwenye kazi nyingi akikuta maneno yako yako tayari, kuna nafasi nzuri atayanakili.

Na kuna swali moja la kuuliza kwa sauti, mbele ya watu wote. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi chache zilizotajwa, na ada kwa huduma inazotoa. Sasa ada hii ya kuingia mjini ni ya huduma gani? Basi jipya? Stendi? Choo? Wakijibu "kupunguza msongamano" uliza tena, kwa upole, huduma hiyo nitaiona wapi siku ya kwanza. Nimeona wakubwa wakitokwa na jasho kwenye swali hilo.

7. Ombi kwa bunge la kaunti

Hili watu huliita petition na huliogopa bure. Kifungu cha 15 cha County Governments Act kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria yake, na cha 88 kinakupa haki ya kuipelekea ombi serikali ya kaunti yenyewe, na cha 89 kinawalazimisha wajibu.

Andika nani anaomba, jambo lenyewe, mumefanya jitihada gani kabla (hapa ndipo mihuri inakula matunda), kwamba jambo haliko kortini, na mwisho mnaomba nini hasa. Kila ukurasa wa sahihi uwe na kichwa cha ombi juu yake, la sivyo mtu atasema watu walisainia harambee. Jina, namba ya kitambulisho, wadi, sahihi. Mtu mmoja asisainie jamaa zake wote kwa kalamu moja, wanaona, na ukurasa mmoja wa uongo unachafua elfu za kweli. Na jamani zile karatasi msizipige picha mkazirusha kwenye magrupu, ni vitambulisho vya watu hivyo.

Umeona lile neno "haliko kortini"? Ndiyo maana mpangilio wa hatua una maana. Ukikimbilia korti kwanza, bunge litakwambia jambo liko mbele ya jaji, hatuligusi. Ombi kwanza, korti baadaye, isipokuwa tarehe ya kuanza iko kesho kutwa.

8. Barabarani

Maandamano ni haki, Kifungu cha 37 cha Katiba. Chini ya Public Order Act unampa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, notisi, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya kumi na nne kabla, ukitaja mwandaaji, njia na saa, na iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Unampa taarifa, humuombi ruhusa, lakini mpe kwa adabu na upate muhuri, kama kawaida yetu.

Mombasa tunakumbuka Jumatatu za 2019, zile Black Monday, watu wakipinga agizo la mizigo yote kupelekwa kwa SGR, reli mpya. Kilichofanya zisikike ni kurudia, Jumatatu baada ya Jumatatu, na kando yake kuna watu wako kortini na wengine wako kwa maofisi. Baadaye mwaka huohuo serikali ikasimamisha lile agizo. Siku moja ya vurugu haifanyi hivyo. Na ukifunga barabara wewe mwenyewe kupinga kufungwa kwa barabara, mama aliyekwama kwenye matatu na mtoto mgonjwa hatakuwa upande wako, na ana haki.

Kama ada imeshaanza, lipa na uandike barua kwamba unalipa huku unapinga, weka risiti zote. Ubishi na kanjo kwenye kona unaishia gari kubebwa, na hiyo gharama hairudi.

9. Korti

Ufupi wake. Mahakama Kuu ya Mombasa, ombi la kikatiba chini ya Kifungu cha 22, na mnaomba kwanza amri ya muda ya kusimamisha mpaka kesi isikizwe. Katiba inasema kusiwe na ada ya kufungua kesi za haki za kimsingi (Bill of Rights), lakini wakili anakula na karatasi zinagharimu, kwa hiyo changeni kwa uwazi, namba moja ya M-Pesa na mtu wa kusoma hesabu kila Ijumaa. Jaji atauliza kama mlitumia njia nyingine kwanza na kama mmechelewa. Mwenye faili la mihuri anajibu vizuri.

Usitie imani yote hapo. London mwaka 2002 halmashauri ya Westminster ilienda kortini kuzuia ada ya msongamano ikashindwa. Mwaka 2023 halmashauri tano zikaenda kupinga kupanuliwa kwa ada ya magari yanayochafua hewa, zikashindwa pia. Lakini angalia kilichotokea pembeni, mwaka huohuo meya alifungua fidia ya kubadilisha gari kwa wakazi wote wa London wenye magari hayo. Kesi ilishindwa, kelele ililipa.

10. Mezani

Siku moja mtaitwa. Na hapo ndipo wengi huharibu, manake wamejiandaa kusema hapana tu. Nendeni na orodha ya vitu mnavyotaka, na vile viwili ambavyo hamwachii hata kwa soda.

Mimi ningeanza na jaribio. Stockholm walianza Januari 3, 2006 mpaka Julai 31, wakaizima, ndipo watu wa mji wakapiga kura Septemba, wakakubali kwa wingi mdogo, na ikawa ya kudumu Agosti 2007. Kabla ya jaribio wengi walikuwa wanapinga. Trafiki ikapungua kama moja ya tano na watu wakaona kwa macho yao. Yaani hata mimi mpinzani nakubali, ikifanya kazi nitanyamaza, lakini ionyeshwe kwanza, iwe na tarehe ya kuisha, na kile kituo tulichohesabu sisi kihesabiwe tena. Na jambo jingine la Stockholm, mabasi ya ziada yaliwekwa Agosti 2005, zaidi ya miezi minne kabla ya mtu yeyote kutozwa hata senti. Sisi mabasi huahidiwa. Huku kwetu Nairobi Desemba 3, 2018 matatu zilizuiwa kuingia mjini kwa ghafla, wazee na wagonjwa wakatembea kwa miguu maili, na agizo halikumaliza siku mbili. Hiyo itaje, kila mtu anaikumbuka. Ila usifiche upande wa pili pia, manispaa nyingi za jirani na Stockholm zilizopiga kura zao zenyewe zilikataa na hazikuhesabiwa. Mtwapa, mnasikia?

Baada ya jaribio, bei, na hasa kupanda kwa bei. London walianza pauni 5 mwaka 2003, kufika 2020 ni 15. Dai iandikwe kwamba haipandi bila ya kurudi kwa umma. Bei yenyewe huteremka watu wakisukuma, New York walikuwa wamepanga dola 15, gavana akaisimamisha Juni 2024, ikarudi ikaanza Januari 5, 2025 kwa dola 9.

Kisha misamaha. Wenye ulemavu, wagonjwa, gari za maiti, na wakazi wa ndani, London waliwapa wakazi wa eneo punguzo la asilimia 90 tangu mwanzo, kwa nini mtu wa Mji wa Kale alipie kulala kwake? Saa za malori ya kushusha bidhaa Biashara Street na Marikiti, alfajiri kabla ya saa moja na nusu. Na pesa zitiwe kwenye mfuko wa peke yake, wa usafiri, na ripoti ibandikwe.

Chochote mlichokubaliana kiandikwe hapohapo, kisomwe, kisainiwe na pande zote kabla ya chai. Wakisema "tutawatumia", mwambieni mwenyekiti asisimame.

Mkishamaliza, mmeshinda au mmeshindwa, ile daftari ya skweaa msiitupe. Miezi mitatu baadaye, Jumanne, saa moja asubuhi, warudisheni vijana wale wanne pale Saba Saba.